Kupima Nitrojeni ya Udongo na Maji Maabarani: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa kulima unapokaribia, kabla ya mvua za Novemba, mifuko ya udongo huanza kufika maabarani kutoka Mbozi, Rungwe, Mbarali, Makambako na Njombe, na karatasi iliyoambatanishwa huwa na swali fupi: shamba hili lina nitrojeni kiasi gani? Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na fundi asiyejua ni jibu lipi linalotafutwa anaweza kufanya kazi safi ya siku tatu kisha akampa mkulima namba isiyomsaidia. Isitoshe, nitrojeni haitulii. Fosforasi ya udongo uliosahauliwa mezani wiki nzima bado itapimika vizuri, lakini nitrati ya udongo huohuo itakuwa imeshabadilika, kwa sababu vijidudu vya udongo havikuacha kufanya kazi pale mfuko ulipofungwa. Kwa hiyo mwongozo huu utatumia nafasi kubwa kueleza mambo yanayotangulia bureti (neli yenye alama za mililita inayodondosha asidi ya kupimia), kwa kuwa huko ndiko vipimo vingi vya nitrojeni vinakoharibikia.

Kwanza: amua unapima nitrojeni ipi

Katika udongo wa juu wa shamba, zaidi ya asilimia 90 ya nitrojeni yote imefungwa ndani ya mboji na mabaki ya mimea, na mahindi hayawezi kuitumia mpaka vijidudu viivunje na kuigeuza kuwa amoniamu na kisha nitrati. Nitrojeni yote kwa jumla, inayopimwa kwa njia ya Kjeldahl, inaeleza akiba ya udongo. Amoniamu na nitrati, zinazotolewa kwenye udongo kwa mmumunyo wa chumvi ya kloridi ya potasiamu, zinaeleza kile ambacho mmea unaweza kukila wiki hii.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwetu. Udongo wa majivu ya volkano unaozunguka Mlima Rungwe na Tukuyu huhifadhi mboji nyingi sana, kwa sababu madini yake huishika mboji na kuizuia isioze haraka. Kipimo cha jumla kinaweza kuonyesha namba kubwa ya kupendeza huku mahindi yakiwa ya njano shambani. Ukimwambia mkulima huyo kwamba shamba lake lina nitrojeni ya kutosha, utakuwa umesoma chombo vizuri na kumpotosha mtu. Muulize anayeleta sampuli anataka kujua nini, na uandike jibu lake kwenye daftari la mapokezi kabla hajaondoka.

Pili: kuchukua sampuli shambani

Ikiwa wewe ndiye unayekwenda shambani, au unamwelekeza bwana shamba, chukua udongo katika sehemu 15 hadi 20 ukitembea kwa mtindo wa zigizagi, kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, na uchanganye wote katika ndoo safi ya plastiki. Ruka vichuguu, mahali palipokuwa na zizi, palipochomwa mabaki ya mazao, na pale mifuko ya mbolea ilipowekwa wakati wa kupandia. Ndoo au mfuko uliowahi kubeba urea usitumike kabisa, hata kama umeoshwa: chembe chache zilizobaki kwenye mshono zinatosha kuharibu sampuli nzima, kwa kuwa urea ni nitrojeni kwa asilimia 46.

Kwa kipimo cha nitrati, chukua pia sampuli ya pili ya kina cha sentimita 20 hadi 40. Mvua zetu hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, na ifikapo Januari au Februari sehemu ya nitrati iliyokuwa juu imeshateremka na maji. Anayepima tabaka la juu peke yake katika miezi hiyo hataiona, ingawa mizizi ya mahindi bado inaweza kuifikia.

Mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kyela yanataka uangalifu mwingine. Udongo uliofunikwa na maji hauna hewa, hivyo nitrojeni yake ya madini hukaa katika umbo la amoniamu. Udongo huo ukianikwa, hewa inaingia, amoniamu inaanza kugeuka nitrati, na kipimo kinaonyesha shamba ambalo halipo. Njia salama ni kwenda shambani na chupa zilizokwisha kutiwa mmumunyo wa kloridi ya potasiamu na kupimwa uzito, kisha kuuingiza udongo mbichi humo papo hapo.

Tatu: safari ya kuja maabarani

Kwa kipimo cha nitrojeni yote, udongo unaweza kuanikwa kivulini na kusafirishwa bila haraka. Kwa amoniamu na nitrati, udongo usianikwe. Uweke katika mfuko wa plastiki, uutie katika kasha la barafu, na uufikishe ukiwa na ubaridi wa nyuzi 4 hivi, ili utolewe nitrojeni yake ndani ya saa 24, au 48 kwa kuchelewa sana. Ikishindikana, ugandishe kwenye friza.

Sababu ya kukataza kuanika iligunduliwa humuhumu Afrika Mashariki. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka kisha ukaloweshwa unavyopata mfumuko wa ghafla wa vijidudu na kuachia nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Wakulima wetu wanaona jambo hilo kila Novemba, mazao yaliyowahi mvua za kwanza yanapokuwa na kijani kizito. Maabarani jambo hilohilo ni kosa la kipimo, kwa sababu nitrati utakayoipata itakuwa imetengenezwa na wewe kwa kuanika na kulowesha.

Niliwahi kupokea sampuli za udongo wa mashamba ya viazi kutoka upande wa Njombe zilizosafiri siku mbili katika buti la basi, juu ya injini yenye joto. Tulizipima, namba zikatoka za juu sana na zinazolingana kwa kila shamba, na ilinichukua muda kukubali kwamba tulikuwa tumepima buti la basi. Tangu hapo huandika joto la sampuli wakati wa kupokea, na sampuli ya nitrati iliyofika na joto naikataa, hata kama mwenye nayo ametoka mbali. Kukataa kunauma, lakini kumpa mtu ushauri wa mbolea kwa namba ya uongo kunamgharimu msimu mzima.

Nne: nitrojeni yote kwa njia ya Kjeldahl

Njia hii ilitangazwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg huko Denmark, aliyekuwa akitafuta namna ya kupima protini katika nafaka za kutengenezea bia. Ina hatua tatu: kuunguza udongo katika asidi ili nitrojeni yake igeuke amoniamu, kuifukuza amoniamu hiyo kwa mvuke ikiwa gesi ya amonia, na kuipima kwa taitresheni, yaani kudondosha asidi ya nguvu inayojulikana mpaka rangi ibadilike.

Saga udongo mkavu upite chekeche la milimita 0.5. Chekeche la milimita 2 tunalolizoea kwa vipimo vingine halifai hapa, kwa kuwa gramu moja ya udongo wa chembe kubwa haiwakilishi shamba. Pima gramu 1.0 kwa mizani yenye usahihi wa gramu 0.001, uitie chini kabisa ya neli ya kuunguzia bila kuiacha inate ubavuni. Kama ni mfinyanzi, ongeza mililita 2 au 3 za maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupoozwa) na usubiri nusu saa ili mabonge yafunguke.

Ongeza gramu 2 za kichocheo, yaani mchanganyiko wa salfati ya potasiamu, salfati ya shaba na seleniamu kwa uwiano wa 100:10:1 kwa uzito, kisha mililita 10 za asidi ya salfuriki isiyozimuliwa. Salfati ya potasiamu kazi yake ni kupandisha joto ambalo asidi huchemkia. Shaba na seleniamu ndizo zinazoharakisha uunguzaji. Seleniamu ni sumu, hivyo baadhi ya maabara hutumia shaba peke yake na kukubali kuunguza kwa muda mrefu zaidi, na mimi naunga mkono chaguo hilo pale ambapo kabati la kunyonya moshi halivuti vizuri.

Anza na joto la nyuzi 150 hadi 200 mpaka povu litulie, kisha panda hadi nyuzi 360 au 380. Usivuke nyuzi 400, kwa sababu hapo nitrojeni yenyewe huanza kupotea. Mmumunyo utakuwa mweusi, kisha wa kahawia, kisha utang'aa na kubaki wa kijani hafifu, huku mchanga ukibaki mweupe chini. Wengi huzima hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kung'aa kunaonyesha kwamba kaboni imekwisha, ila nitrojeni iliyoshikwa kwa nguvu bado haijaachiwa yote, kwa hiyo endelea kwa saa moja zaidi. Umeme ukikatika wakati wa hatua hii usifadhaike: acha neli ndani ya kabati, na umeme ukirudi endelea pale ulipoishia, ukihesabu muda wa joto tu.

Acha zipoe, kisha ongeza maji polepole kando ya neli huku ukiitikisa. Vaa miwani na glavu nzito. Asidi iliyobaki ni kali na hurusha matone.

Sasa uko tayari kukeneka, yaani kuifukuza amonia kwa mvuke na kuipokea kwenye chupa nyingine. Weka chini ya kipoozea chupa yenye mililita 25 za asidi ya boriki ya asilimia 2, iliyotiwa kiashiria mchanganyiko cha bromokresoli ya kijani na methili nyekundu, na uhakikishe ncha ya neli imezama ndani ya asidi hiyo. Ongeza kwenye sampuli mililita 50 za haidroksaidi ya sodiamu ya asilimia 40. Mchanganyiko lazima ugeuke buluu nzito au kahawia; ukibaki wa buluu nyepesi na angavu, alikali haijatosha na amonia haitatoka. Pitisha mvuke mpaka upate mililita 100 hadi 150. Rangi ya asidi ya boriki itatoka kwenye wekundu wa mvinyo kwenda kijani amonia inapoingia.

Hapa umeme ukikatika, fanya haraka. Mvuke unapopoa ndani ya chombo, hewa hupungua na asidi ya boriki hunyonywa kurudi juu kupitia kipoozea, na sampuli hiyo imepotea. Teremsha chupa ya kupokelea mara moja ili ncha ya neli itoke kwenye mmumunyo, kisha fungua vali ya mvuke. Mfundishe kila anayeingia zamu jambo hili siku yake ya kwanza.

Malizia kwa kudondosha asidi ya hidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita kutoka kwenye bureti hadi kijani kirudi kuwa waridi. Hesabu ni hii: asilimia ya nitrojeni ni sawa na mililita za sampuli kutoa mililita za blanki (neli isiyo na udongo), mara nguvu ya asidi kwa moli, mara 1.4007, gawanya kwa gramu za udongo. Kwa mfano, sampuli ikitumia mililita 11.2 na blanki 0.4, udongo ukiwa gramu 1.0, utapata 10.8 × 0.01 × 1.4007, yaani asilimia 0.15. Katika viwango vinavyotumika sana kwa udongo wa kitropiki, chini ya asilimia 0.1 ni kidogo mno, 0.1 hadi 0.2 ni kidogo, na 0.2 hadi 0.5 ni wastani.

Blanki na vipimo vya kujihakiki

Blanki ni neli iliyopita kila hatua bila udongo. Weka mbili au tatu katika kila kundi. Zikipanda ghafla, usizitoe tu kwenye hesabu na kuendelea. Tafuta amonia inakotoka. Katika maabara moja niliyofanyia kazi tulihangaika wiki nzima na blanki za juu, hadi tulipogundua kwamba sakafu ya chumba ilikuwa ikipigwa deki kila asubuhi kwa sabuni yenye amonia. Sababu nyingine za kawaida ni maji yaliyokenekwa zamani na kuachwa wazi, na karatasi za kuchujia, ambazo mara nyingi hubeba amoniamu na nitrati kidogo. Zisuuze kwa mmumunyo wa kloridi ya potasiamu kabla ya kuzitumia.

Kuhakiki ukenekaji, yeyusha gramu 4.717 za salfati ya amoniamu iliyokaushwa katika lita moja ya maji. Kila mililita ina miligramu 1 ya nitrojeni, na ukiikeneka itapaswa kutumia mililita 7.14 za asidi ya moli 0.01. Ukipata chini ya mililita 7.0, kuna mahali mvuke unavuja, na mara nyingi ni mpira uliochakaa. Hata hivyo kipimo hiki hakikuambii kama uunguzaji ulikamilika, kwa kuwa salfati ya amoniamu haihitaji kuunguzwa. Kwa hilo tumia triptofani, ambayo ni ngumu kuvunjika, au udongo ambao kiwango chake kinajulikana.

Zipo pia mashine za njia ya Dumas, zinazochoma udongo kwa oksijeni na kupima gesi ya nitrojeni kwa dakika chache bila asidi. Mwenye nayo aitumie. Hata hivyo hukamata nitrati zote, ambazo Kjeldahl ya kawaida haizikamati vizuri, kwa hiyo namba za njia hizo mbili zisichanganywe katika jedwali moja.

Tano: amoniamu na nitrati za udongo

Tengeneza mmumunyo wa kloridi ya potasiamu wa moli 2 kwa kuyeyusha gramu 149.1 na kujaza hadi lita moja. Pima gramu 10 za udongo mbichi uliochekechwa kwa milimita 4 au uliochambuliwa kwa mkono, ongeza mililita 100 za mmumunyo, tikisa kwa saa moja, kisha chuja. Wakati huohuo pima gramu 10 nyingine na uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, ili ujue unyevu.

Majichujio unaweza kuyakeneka: oksaidi ya magnesiamu kwanza, ili kufukuza amonia iliyotokana na amoniamu, kisha unga wa aloi ya Devarda kwenye chupa ileile, ili kugeuza nitrati kuwa amonia na kuikeneka kwa zamu yake. Mwenye spektrofotometa, chombo kinachopima rangi kwa mwanga, atapima amoniamu kwa rangi ya buluu ya indofenoli kwenye nanomita 655 hivi, na nitrati kwa kuipitisha kwanza kwenye kadimiamu ili iwe nitriti, kisha kusoma rangi ya waridi kwenye nanomita 540. Kwa njia yoyote, mimumunyo ya kulinganishia itengenezwe ndani ya kloridi ya potasiamu ileile, kwa sababu chumvi hubadilisha rangi.

Sita: sampuli za maji

Maji ya kisima, ya Mto Ruaha Mkuu au ya mfereji wa mpunga yachukuliwe katika chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayohayo, yakae kwenye barafu, na nitrati ipimwe ndani ya saa 48. Kwa amoniamu na nitrojeni yote, chukua chupa ya pili na uitie asidi ya salfuriki mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2. Chupa hiyo itadumu hadi siku 28 kwenye jokofu. Chupa yenye asidi usiitumie kupima nitriti.

Nitrati inaweza kusomwa moja kwa moja kwa mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 220, ukiondoa mara mbili ya usomaji wa nanomita 275. Njia hii inafaa maji angavu ya chemchemi. Maji ya kahawia yanayotoka bonde la Usangu wakati wa masika hayafai, kwa kuwa mabaki ya mimea hunyonya mwanga uleule. Yapeleke kwenye njia ya kadimiamu, na uhakiki kadimiamu yako kwa kulinganisha nitrati na nitriti za kiwango kilekile. Mabaki ya kadimiamu na seleniamu yakusanywe kwenye dumu lenye lebo, yasimwagwe kwenye sinki, maana sinki nyingi huishia mtoni.

Saba: kuandika majibu

Katika maji, andika daima kama namba ni ya nitrati au ni ya nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maji ya kunywa kuwa miligramu 50 za nitrati kwa lita, ambacho ni sawa na miligramu 11.3 za nitrojeni, na kikomo hicho kiliwekwa hasa kuwalinda watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo, ambao nitrati huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Jibu lililoandikwa "20" bila maelezo linaweza kuwa la kisima salama, au la kisima chenye miligramu 89 hivi za nitrati kwa lita. Sijui kosa jepesi zaidi kutendeka na zito zaidi kwa matokeo kuliko hilo.

Katika udongo, hesabu kwa udongo mkavu. Chukua majichujio yenye miligramu 1.8 za nitrojeni kwa lita, na blanki ya 0.2. Gramu 10 za udongo mbichi zilikuwa na gramu 8 kavu na gramu 2 za maji, hivyo mmumunyo ulikuwa mililita 102. Jibu ni 1.6 × 102 ÷ 8, yaani miligramu 20.4 kwa kilo. Aliyesahau unyevu ataandika 16.

Mkulima haulizi miligramu kwa kilo, anauliza mifuko. Ili kubadilisha, unahitaji uzito wa udongo kwa ujazo wake, na hapa usitumie namba moja kwa mkoa mzima. Tabaka la sentimita 20 la udongo wenye gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo lina tani 2,400 kwa hekta, na miligramu zile 20.4 zinakuwa kilo 49 za nitrojeni, sawa na mifuko miwili na kidogo ya urea ya kilo 50. Udongo mwepesi wa volkano wa Rungwe wenye gramu 0.8 una tani 1,600 tu, na namba ileile ya maabara inakuwa kilo 33, sawa na chini ya mfuko mmoja na nusu. Kwa hiyo omba bwana shamba akuletee pia pete moja ya chuma ya ujazo unaojulikana, iliyojaa udongo usiovurugwa, ili uikaushe na kuipima uzito pamoja na sampuli nyingine za shamba hilo.